Kabla Hujaamini Jibu la "Chanya": Mwongozo wa Kipimo cha Amfetamini Kwenye Mkojo

Umeambiwa utoe mkojo upimwe dawa za kulevya. Huenda ni mgodi unaokaribia kukuajiri, kampuni ya malori ya mafuta, wakala wa meli au kliniki unayohudhuria. Huenda wewe ndiye mwajiri, au ni mzazi uliyenunua kipimo duka la dawa baada ya kumwona kijana wako halali usiku wiki nzima. Yeyote uliye kati ya hao, shika jambo hili kabla ya mengine yote: kipimo cha haraka cha mkojo, kile cha kikombe au cha ukanda mwembamba, hakiwezi kuthibitisha kwamba mtu ametumia amfetamini. Kazi yake ni kuchuja. Sampuli zisizo na dalili huwekwa kando, na zenye dalili hupelekwa kwenye maabara yenye mashine ya kuthibitisha. Hatua hiyo ya pili ikirukwa, watu wasio na hatia hupoteza kazi na ndoa huvunjika. Huo ni uonevu, hata kama aliyeufanya alikuwa na nia njema ya kulinda usalama.

Kinachotafutwa

Amfetamini ni dawa inayosisimua ubongo. Inafukuza usingizi, inakata hamu ya kula na kuupandisha moyo mbio. Ilitengenezwa mara ya kwanza Berlin mwaka 1887 na mkemia kutoka Romania, Lazăr Edeleanu. Miaka sita baadaye, mwaka 1893, Mjapani Nagai Nagayoshi akatengeneza methamfetamini kutokana na efedrini, kiini kinachopatikana kwenye mmea ambao Wachina wameutumia kwa karne nyingi kutibu pumu na mafua. Uhusiano huo wa efedrini na methamfetamini uutie akilini. Molekuli ya moja inapishana na ya nyingine kwa atomi moja tu ya oksijeni, na matatizo mengi ya kipimo hiki yanatokana na ufanano huo.

Kwenye ukanda utaona herufi. AMP ni amfetamini yenyewe. MET, au mAMP kwa watengenezaji wengine, ni methamfetamini. MDMA ni ile inayouzwa kwenye kumbi za starehe kwa jina la ekstasi. Mwili ukipokea methamfetamini hugeuza sehemu yake kuwa amfetamini, kwa hiyo aliyetumia methamfetamini anaweza kuonekana chanya kwenye AMP na MET kwa pamoja, ilhali aliyetumia amfetamini peke yake huonekana kwenye AMP tu. Mwili hauigeuzi amfetamini kuwa methamfetamini.

Ndugu zetu walioko Ghuba wanapaswa kujua pia habari za Captagon. Hapo mwanzo kidonge hicho kilikuwa dawa ya hospitali iitwayo fenetilini, ambayo ikiingia mwilini hutoa amfetamini. Vinavyouzwa kwa magendo leo kwa jina hilo kwa kawaida ni amfetamini iliyochanganywa na kafeini. Dereva au mlinzi anayepewa na mwenzake kidonge "cha kuondoa uchovu" anaweza kujikuta chanya bila kujua jina la kitu alichomeza, katika nchi ambazo sheria zake za dawa za kulevya ni kali mno.

Kwetu pia jambo hili limeshafika. Kwa miaka mingi heroini ndiyo iliyokuwa ikisumbua pwani yote kuanzia Mombasa, Tanga, Unguja hadi Dar es Salaam. Lakini Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya Tanzania ilitangaza kukamata zaidi ya kilo 3,000 za heroini na methamfetamini kwa pamoja. Ndiyo maana upimaji huu utaendelea kuongezeka makazini na kwenye vituo vya tiba, na ndiyo maana inafaa tuujue vizuri sasa.

Mistari inayosomwa kinyume

Makosa mengi hutokea hapa, na hutokea kwa sababu nyepesi. Watu wetu wamezoea kipimo cha mimba na kile cha haraka cha malaria, ambako mistari miwili maana yake kitu kimeonekana. Kipimo cha dawa za kulevya husomwa kinyume. Mistari miwili, mmoja penye C na mwingine penye T, ni hasi. Mstari mmoja penye C peke yake ni chanya. Penye C pakiwa patupu, kipimo kimeharibika na jibu halipo. Tupa, chukua kingine.

Sababu ya kinyume hicho inafaa kueleweka, maana ukiielewa hutasahau. Ndani ya ukanda kuna kingamwili zilizopakwa rangi, zinazobebwa na mkojo unapopanda. Penye T watengenezaji wamegandisha dawa yenyewe. Mkojo ukiwa hauna dawa, kingamwili hufika pale zikiwa huru, huidaka ile iliyogandishwa, na rangi hujikusanya kuwa mstari. Mkojo ukiwa na dawa nyingi, kingamwili huwa zimeshakamatana nayo njiani. Ni kama bodaboda iliyokwisha kupakia: inapita kituoni bila kusimama. Penye T hapabaki rangi.

Kutokana na hilo, mstari hafifu penye T ni mstari. Uwe umekolea au umefifia, maadamu unaonekana kwa macho, jibu ni hasi. Msimamizi anayesema "huu umefifia, kwa hiyo ametumia kidogo" hajui anachokisoma. Soma pia kwa wakati ulioandikwa kwenye karatasi ya maelekezo ya kipimo chenyewe, mara nyingi dakika 5, na usirudi kukiangalia baada ya nusu saa ukabadilisha jibu. Kagua tarehe ya mwisho ya matumizi, na uangalie pakiti isiwe imefunguka kabla. Joto na unyevunyevu wa stoo zetu huharibu vitendanishi, na ukanda hauna mdomo wa kulalamika.

Jambo la pili la kusoma kwenye pakiti ni kiwango cha ukomo. Kipimo hakiulizi kama dawa ipo au haipo. Kinauliza kama imezidi kiasi fulani. Vipo vya nanogramu 1,000 kwa mililita na vipo vya 500. Nchini Marekani, upimaji wa wafanyakazi wa serikali kuu ulitumia 1,000 hadi mwaka 2010, ukashuka hadi 500 kwa kuchuja na 250 kwa kuthibitisha. Mwongozo wa Ulaya kwa upimaji wa kazini nao unatumia 500 kwa kuchuja. Mkojo wenye nanogramu 700 utakuwa hasi kwenye kipimo kimoja na chanya kwenye kingine, siku hiyohiyo, mtu yuleyule. Anayekupa jibu bila kiwango cha ukomo amekupa nusu ya jibu. Mwombe nusu iliyobaki.

Dawa halali zinazoleta jibu la uongo

Kingamwili hutambua umbo. Dawa nyingine yenye umbo linalokaribiana na la amfetamini inaweza kuzidanganya. Ya kwanza kutajwa ni dawa za mafua na kuziba pua zenye pseudoefedrini au efedrini. Dawa hizi huuzwa bila cheti cha daktari katika maduka mengi, na mnunuzi hukumbuka rangi ya kidonge tu. Geuza boksi usome viambato. Kama unakwenda kupimwa, lipige picha boksi hilo na uhifadhi risiti.

Wajawazito wenye shinikizo la damu hupewa labetaloli. Mabaki yake mwilini yanafanana na amfetamini kiasi cha kuleta chanya kwenye baadhi ya vipimo. Fikiria mama aliyelazwa wodi ya wazazi, anapimwa mkojo, anaambiwa anatumia dawa za kulevya, na mazungumzo ya kumtenganisha na mtoto yanaanza. Mambo hayo yametokea katika nchi zinazopima wajawazito mara kwa mara. Hapa sitaki kuwa mpole: hakuna mhudumu wa afya anayepaswa kuandika neno hilo kwenye faili la mama kabla ya kusoma orodha ya dawa alizopewa na wodi yenyewe.

Kliniki za afya ya akili zina klopromazini, dawa ya siku nyingi na bado inatumika sana kwetu. Nayo imo kwenye orodha. Imo pia promethazini, tunayopewa kwa mzio na kichefuchefu. Zimo trazodoni na bupropioni za sonona, na fentemini inayouzwa kupunguza unene. Ranitidini ya vidonda vya tumbo ilileta chanya nyingi enzi zake, kabla nchi nyingi hazijaanza kuiondoa sokoni mwaka 2019 na 2020. Hata metformini ya kisukari imeripotiwa. Si kila kipimo kinadanganywa na kila dawa. Inategemea kingamwili za mtengenezaji, ndiyo maana vipimo viwili vya kampuni tofauti vinaweza kupingana juu ya mkojo mmoja.

Kuna kundi jingine ambalo chanya yake ni ya kweli, lakini mtu hana kosa. Selegilini, dawa ya ugonjwa wa Parkinson, hugeuka mwilini kuwa methamfetamini na amfetamini za upande wa kushoto. Molekuli hizi zina sura mbili zinazotazamana, ya kulia na ya kushoto. Ya kulia ndiyo inayolevya na kutawala soko la magendo. Ya kushoto ina nguvu ndogo mno kwenye ubongo. Marekani huuza hadi leo dawa ya kuvuta puani yenye methamfetamini ya kushoto, bila cheti cha daktari. Maabara nzuri inaweza kuzitenganisha sura hizo mbili. Ukanda hauwezi. Na wapo wanaotibiwa kwa amfetamini yenyewe, waliogunduliwa Ulaya au Marekani kuwa na tatizo la kutotulia na kukosa umakini, au ugonjwa wa kusinzia ghafla. Kama wewe ni mmoja wao na unasafiri, chukua cheti cha daktari na dawa katika pakiti yake ya asili, na uulize ubalozi wa nchi unayokwenda kabla hujapanda ndege. Nchi kadhaa haziruhusu dawa hizo hata ukiwa na cheti.

Swali la mirungi

Hili huulizwa kila mahali: je, mirungi inaonekana? Jani hilo lina kathinoni na kathini, zote ndugu wa karibu wa amfetamini. Kathinoni ndiyo yenye nguvu, nayo huharibika upesi baada ya kuchumwa. Ndiyo maana magari ya miraa kutoka Meru hukimbia namna ile, na mafungu hufungwa kwenye majani ya mgomba ili yasikauke. Mwilini kathinoni hugeuka zaidi kuwa norefedrini, na kwa hiyo jibu la swali ni kwamba inategemea kipimo. Baadhi ya vipimo vya AMP huyadaka mabaki hayo, hasa mlaji akiwa ametafuna sana. Vingine havioni kitu. Maabara ya kuthibitisha huitofautisha kathini na amfetamini bila shida, mradi iombwe kuitafuta.

Kisheria, mpaka ndio unaoamua. Kenya, miraa ni zao halali la biashara. Tanzania ni dawa ya kulevya, na mashamba yake katika wilaya ya Same yamekuwa yakiteketezwa na Mamlaka. Uingereza iliipiga marufuku Juni 2014. Dereva anayetafuna kihalali Namanga upande wa Kenya, akapimwa siku ya pili yuko Arusha, yuko kwenye hatari mbili: ya kipimo na ya sheria.

Wanariadha wana hesabu yao. Orodha ya Shirika la Kimataifa la Kupambana na Dawa Zilizokatazwa Michezoni, WADA, inaweka kathini kwenye vichangamsho vinavyokatazwa wakati wa mashindano, ukomo wake ukiwa mikrogramu 5 kwa mililita ya mkojo. Efedrini ni 10, na pseudoefedrini ni 150. Mkimbiaji anayeinywa dawa ya mafua usiku wa kuamkia mbio anachezea medali yake. Muulize daktari wa timu, au mamlaka ya kupambana na dawa michezoni ya nchi yako, kabla ya kumeza.

Na jibu la hasi nalo lisikulaze

Mzazi anayepata mistari miwili hushusha pumzi. Angoje kidogo. Methilfenideti, ijulikanayo zaidi kwa jina la Ritalin, kwa kawaida haionekani kwenye kipimo cha amfetamini ingawa kazi yake inafanana. Kathinoni nyingi za viwandani hazionekani. MDMA inaweza kupita kwenye ukanda wa AMP bila kugusa kitu, ndiyo sababu ina ukanda wake. Tramadoli, bangi, gundi na pombe havimo kabisa kwenye kipimo hiki.

Muda nao una sehemu yake. Kwa kawaida amfetamini na methamfetamini huonekana kwenye mkojo kwa siku 1 hadi 3 tangu kutumiwa, na kwa mtu anayetumia sana kwa muda mrefu inaweza kufika hata wiki. Uchachu wa mkojo hubadilisha kasi ya figo kuitoa dawa, pamoja na kiasi kilichotumiwa na afya ya figo zenyewe. Kwa hiyo hakuna mtaalamu anayeweza kuangalia namba ya mkojo akakuambia kwa uhakika mtu alitumia saa ngapi, au kiasi gani, au kama alikuwa amelewa alipokuwa kwenye usukani. Mkojo unasema dawa ilipita mwilini siku za karibuni. Uraibu hauonekani kwenye mkojo. Hutambuliwa kwa mazungumzo na uchunguzi wa mtu aliyefunzwa.

Namna ya kutoa sampuli itakayosimama

Sampuli iliyochukuliwa vibaya haiwezi kuokolewa na mashine yoyote. Taratibu za Marekani za upimaji wa kazini zimeandikwa kwa undani kuliko nyingi, na ukizijua utaona mapengo ya mahali unapopimiwa. Fika na kitambulisho chenye picha. Utaombwa uvue koti na kuacha mkoba nje, unawe mikono, uingie chooni ambako maji ya kusukumia yametiwa rangi. Ukitoka, kikombe hupimwa joto ndani ya dakika 4: linatakiwa kuwa kati ya nyuzi 32 na 38. Kiasi kinachohitajika ni mililita 45, kinachogawanywa mbele yako katika chupa mbili, moja ya mililita 30 na nyingine 15. Zote hufungwa kwa stika mbele ya macho yako, nawe unaandika herufi za jina lako juu ya stika. Kila anayeishika chupa kuanzia hapo anasaini.

Chupa ya pili ni haki yako. Jibu la ya kwanza likiwa chanya, unaweza kuomba ya pili ipimwe kwenye maabara nyingine. Kwa taratibu za usafirishaji za Marekani una saa 72 tangu ujulishwe. Hapa kwetu waajiri wengi hawana chupa ya pili. Uliza kabla ya kukojoa, kwa adabu: "Naomba kujua kama sampuli itagawanywa, na itathibitishwa maabara gani." Swali hilo halikufanyi uonekane mkosaji. Ukiambiwa hakuna uthibitisho, liandike jibu hilo na jina la aliyekupa.

Andika kwenye fomu, au kwenye karatasi yako ukiambiwa fomu haina nafasi, dawa zote ulizotumia siku 14 zilizopita: za hospitali, za dukani, za asili, za kuongeza nguvu. Weka nakala.

Usinywe maji kupita kiasi ukidhani unajisaidia. Maabara hupima kreatinini, taka ya kawaida ya misuli. Ikiwa chini ya miligramu 20 kwa desilita, pamoja na uzito mdogo wa mkojo, sampuli huandikwa kuwa imezimuliwa na unaweza kurudishwa kupimwa upya. Ikiwa chini ya miligramu 2, huo hauhesabiwi kuwa mkojo wa binadamu. Vikorokoro vinavyouzwa mitandaoni vya kusafisha mkojo hubadilisha uchachu au huacha naitraiti, na vyote viwili hupimwa. Kwa waajiri wengi, sampuli iliyochezewa huhesabiwa kuwa kosa kubwa kuliko chanya yenyewe.

Mashine inavyoamua

Kipimo cha uthibitisho hakitumii kingamwili. Kromatografia hutenganisha vilivyomo kwenye mkojo kimoja kimoja, kisha spektrometa ya masi huvunja molekuli na kupima uzito wa vipande vyake. Kila molekuli huvunjika kwa namna yake. Pseudoefedrini na methamfetamini zilizofanana machoni pa ukanda hapa huonekana mbalimbali. Tanzania, kazi hii hufanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kenya nayo ina Mkemia wa Serikali wake, pamoja na maabara binafsi kubwa. Gharama ni kubwa kuliko ya ukanda na majibu huchukua siku. Hakuna njia ya mkato.

Hata mashine hiyo imewahi kukosea, na namna ilivyosahihishwa inafundisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchini Marekani iligundulika kwamba sampuli zenye efedrini au pseudoefedrini nyingi zilionyesha methamfetamini ambayo haikuwamo. Joto la mlango wa kuingizia sampuli kwenye mashine, pamoja na kemikali fulani za maandalizi, lilikuwa likigeuza sehemu ya efedrini kuwa methamfetamini papo hapo ndani ya mashine. Wataalamu wakarudi kwenye mwili wa binadamu: methamfetamini iliyomezwa kweli huacha amfetamini nyuma yake, iliyozaliwa mashineni haiachi. Ndipo ikawekwa sharti kwamba jibu la methamfetamini lisitolewe kuwa chanya mpaka amfetamini nayo ionekane kwa kiasi fulani. Leo kiasi hicho ni nanogramu 100. Ukipata ripoti ya maabara yenye methamfetamini peke yake, bila amfetamini hata chembe, una sababu nzuri ya kuuliza maswali.

Hesabu inayofaa kubandikwa ofisini kwa mwajiri

Chukulia kampuni yenye wafanyakazi 1,000, na kati yao 10 wanatumia amfetamini kweli. Tuseme kipimo ni kizuri: kinawanasa wote 10, na kinakosea kwa asilimia 2 tu ya wasiotumia. Asilimia 2 ya watu 990 ni watu 20 hivi. Asubuhi hiyo utakuwa na chanya 30 mezani, na 20 kati yake ni za watu ambao hawajawahi kuigusa dawa hiyo. Namba hizi ni za mfano, lakini mantiki yake inafanya kazi popote ambapo watumiaji ni wachache. Kadiri wafanyakazi wako walivyo safi, ndivyo chanya ya ukanda inavyozidi kuwa ya kutiliwa shaka. Mwajiri anayefukuza kwa ukanda anafukuza wafanyakazi wake wazuri.

Kwa hiyo, mwajiri, ukipata chanya mpumzishe mhusika kwenye kazi ya hatari, umlipe, upeleke sampuli ileile maabara, na umpe daktari majibu ayapime pamoja na orodha ya dawa kabla meneja hajayaona. Funga mdomo. Majibu ya kiafya ni taarifa nyeti chini ya sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022. Kuyatangaza kwenye kundi la WhatsApp la kitengo ni kosa linalojitegemea.

Nawe mfanyakazi, ukiambiwa ni chanya usisaini barua ya kukiri wala ya kujiuzulu siku hiyo. Omba kwa maandishi jina la kipimo, kiwango cha ukomo, nakala ya jibu na uthibitisho wa maabara. Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo uwaeleze dawa unazotumia ili ziwe kwenye kumbukumbu. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri awe na sababu halali na afuate utaratibu wa haki. Mgogoro wa kuachishwa hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Siku hizo huisha haraka kuliko unavyofikiri. Kenya, kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinakupa haki ya kusikilizwa, ukiwa na mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, kabla hujaachishwa.

Na kama ni kweli ulitumia, mwambie daktari ukweli. Methadoni inayotolewa Muhimbili tangu 2011, na kwenye kliniki nyingine zilizofuata, ni ya waraibu wa heroini. Kwa amfetamini hakuna dawa mbadala ya namna hiyo. Tiba yake ni ushauri nasaha wa muda mrefu, usingizi, chakula, na kwa wengine kukaa kwenye nyumba za upataji nafuu. Watu hupona.

Mzazi, neno la mwisho ni lako. Usimpime mtoto kwa kumvizia, wala kwa kumshikia kiboko mlangoni mwa choo. Mwambie unachokiona na kinachokutisha, mwende pamoja kwenye kituo cha afya, na kipimo kifanyike mbele ya mtaalamu atakayejua la kufanya jibu likiwa chanya na likiwa hasi. Kama umeshampima nyumbani na ukanda umeonyesha mstari mmoja, kwanza muulize wiki hii alikunywa dawa gani ya mafua.